Jinsi ya kuandaa igizo la kutawazwa maharaja na msafara wake hapa Dar

Walimu na vikundi vya sanaa, mkitaka kuigiza kutawazwa kwa maharaja, yaani mfalme wa Kihindi, enzi za Mwingereza msikimbilie kwanza Kariakoo kununua vitambaa vya kumeremeta, kaeni mchague ni mfalme gani na mwaka gani, maana India ilikuwa na falme kwa mamia na kila moja na mila zake. Mi nashauri Mysore, ufalme wa kusini mwa India, na mfalme wake Krishnaraja Wadiyar wa Nne. Alikalia kiti cha enzi 1895 akiwa na miaka 10 tu baada ya baba yake kufariki, mama yake Kempananjammanni akashika utawala kwa niaba yake, hadi Agosti 1902 ndo Lord Curzon, gavana mkuu wa Waingereza huko India, akaja kumkabidhi madaraka kamili. Mtoto, mama, Mzungu. Hao watatu ndo igizo lenyewe.

Kwa hiyo gawa sehemu mbili. Ya kwanza ni ya makuhani, na iende polepole sana, mfalme anamiminiwa maji matakatifu, anapakwa alama kwenye paji la uso, juu yake mwavuli mweupe na pembeni vijana wawili wanapepea usinga mweupe bila kusimama. Mkono wa kuhani unaopaka ile alama hadhira yote iuone, msiufiche nyuma ya mgongo wa mtu. Kabla ya mazoezi nendeni mahekalu ya Kisutu mkawaulize wazee kwa adabu kipi kinaigizwa na kipi kiachwe, hawa ni majirani zetu na kwao hii ni ibada, siyo mapambo.

Sehemu ya pili ni ya Curzon, fupi na kavu. Kiti chake kiwe karibu kabisa na kiti cha enzi, mama akae nyuma kidogo, watu waone wenyewe kwamba mfalme alishatawazwa na miungu yake lakini bado anasubiri ruhusa ya mgeni. Hapa ndo vikundi vingi vingeweka dansi za kwenye sinema, tafadhali msiweke, mtaua kila kitu.

Halafu msafara. Wanatangulia wapanda farasi, kisha muziki (wale jamaa wa matarumbeta ya harusi wanafaa sana ila wapewe mdundo wa taratibu), kisha tembo. Kile kiti cha dhahabu cha juu ya tembo kinachotembezwa Mysore wakati wa Dasara, sikukuu kubwa ya Wahindu, kina uzito wa kama kilo 750, chenu kiwe cha boksi na karatasi ya dhahabu. Tembo mtengenezeni juu ya mkokoteni, fremu ya fito na waya, mnavisha viroba vilivyopakwa rangi ya kijivu, masikio mnayaning'iniza kwa kamba yacheze akitembea, na anayesukuma ajifunze kwenda kwa kuyumba kulia na kushoto, akienda moja kwa moja anaonekana gari.

Mizinga ya heshima: Waingereza waliwapangia wafalme wakubwa kila mmoja idadi yake ya kupigiwa, Mysore ilikuwa kwenye kundi la juu kabisa, 21. Fataki achaneni nazo, pigeni ngoma kubwa mara 21 na mtu mmoja ahesabu kwa sauti.

Mkitoka nje ya geti la shule toeni taarifa serikali ya mtaa na polisi mapema, na msafara uanze saa kumi jioni jua likishapungua, watoto wenye vilemba wasizimie.