Kuchagua kamera ya kupigia watoto wasiotulia: utaratibu ninaoutumia hapa Mbeya

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipiga picha za mahafali ya chekechea moja hapa Mbeya. Watoto waliruka kamba, wakashindana kukimbia na limau kwenye kijiko. Usiku nilipofungua picha kwenye kompyuta nikakuta migongo, kamba zinazoning'inia, na nyuso zilizofifia kama rangi mbichi iliyopanguswa na kiganja. Kamera ilikuwa na megapikseli 16 na muuzaji alikuwa ameisifia sana. Kesho yake mama mmoja alikuja kuulizia picha ya mwanawe akivuka mstari wa mwisho. Sikuwa nayo. Tangu siku hiyo, mzazi akiniuliza anunue kamera gani, namwongoza hivi.

Hatua ya 1: Jua mtoto wako anachezea wapi na saa ngapi

Kabla ya kuuliza bei, fikiria picha 10 unazozitaka. Uwanjani saa nne asubuhi, mwanga wa Mbeya ni mwingi mno na karibu kamera yoyote itakubeba. Lakini bethidei sebuleni saa moja usiku, kwaya ya watoto kanisani, au kiwanja cha Tukuyu siku ya ukungu, hapo ndipo kamera nyingi hushindwa. Kama picha zako nyingi ni za ndani, kumbuka hilo ukifika hatua ya 5.

Hatua ya 2: Megapikseli ziweke kando

Picha ya megapikseli 12 ina nukta 4,000 kwa 3,000. Ukiisafisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata picha ya sentimita 34 kwa 25, kubwa kuliko karatasi ya A4. Karibu kila kamera utakayoonyeshwa dukani leo imeshafika hapo. Tuendelee.

Hatua ya 3: Pima wepesi wa kamera kuitikia

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishe.

Mtoto anayekimbia kidogo tu huenda kama meta 4 kwa sekunde. Kamera ikichukua nusu sekunde tangu ubonyeze hadi ipige, mtoto amekwishasogea meta 2. Ndiyo maana picha zangu za mahafali yale zilijaa migongo. Muda mwingi hupotea kamera inapotafuta fokasi, yaani inapoipanga lenzi ili mtoto aonekane wazi bila kufifia. Kamera nyingi ndogo za zamani za mfukoni hutafuta kwa kubahatisha: lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inalinganisha, kisha inatulia. Kamera zenye kioo cha ndani, zile kubwa za lenzi za kubadilisha, hupima moja kwa moja lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani. Kamera mpya zisizo na kioo hicho cha ndani, nyingi zina uwezo huo huo kwenye sensa yenyewe, ile sehemu inayopokea mwanga na kuunda picha.

Jaribio langu ni hili. Ukiwa kwenye duka la Mwanjelwa, omba kamera yenye betri iliyojaa na memori kadi, kisha usimame nje barazani pamoja na muuzaji. Weka fokasi ya kufuatilia: kwenye Nikon na Sony imeandikwa AF-C, kwenye kamera za Canon zenye kioo ni AI Servo. Subiri bajaji inayokuja upande wako. Bonyeza kitufe nusu, ifuate, kisha piga mfululizo mpaka ikupite. Kuza kila picha kwenye kioo cha nyuma uangalie namba ya usajili. Zikisomeka namba katika picha nyingi kati ya hizo, kamera hiyo itamuweza mtoto. Zikisomeka kwenye moja au mbili tu, mrudishie muuzaji na umshukuru. Kamera ambayo muuzaji hataki itolewe nje ya kabati la kioo, mimi siinunui.

Angalia pia kama ina tundu la kutazamia kwa jicho. Jua letu la mchana hukifanya kioo cha nyuma kionekane cheusi, na mtoto anayekimbia hutamwona kabisa.

Hatua ya 4: Hakikisha unaweza kuchagua spidi ya shata mwenyewe

Shata ni pazia la ndani ya kamera linalofunguka kuingiza mwanga, na spidi yake ni muda linalokaa wazi. Kwa spidi ya 1/60 ya sekunde, mtoto yule wa meta 4 kwa sekunde husogea karibu sentimita 7 wakati shata iko wazi. Uso wote unafutika. Kwa 1/500 husogea milimita 8, na kwa 1/1000 milimita 4. Kwa hiyo tafuta kamera yenye alama ya S au Tv (kwenye Canon) kwenye gurudumu la juu; hiyo ndiyo hukuruhusu kuchagua spidi. Mimi huanzia 1/500 kwa michezo ya kawaida na 1/1000 kwa mpira. Kamera inayojiamulia kila kitu, ikiingia ndani ya nyumba itashusha spidi bila kukuuliza.

Hatua ya 5: Tenga fedha ya lenzi kabla ya kuimalizia kwenye kamera

Lenzi inayokuja na kamera, ile ya milimita 18-55, ukiivuta hadi mwisho hufunguka f/5.6 tu. Namba ya f huonyesha upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Sebule ambayo ilikulazimisha spidi ya 1/50 sasa inakupa 1/500, kwa ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ile ile. Ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko nyingi, na ndiyo ninayoitumia zaidi ya zote kwa watoto. Ningekuwa na fedha kidogo, ningechukua kamera ya zamani na lenzi hiyo, kuliko kamera mpya yenye lenzi ya kawaida peke yake.

Tahadhari kwa wa Nikon: D3000 zote na D5000 zote, mfano D3500 na D5300, hazina mota ya fokasi ndani. Ukizifunga lenzi ya zamani ya AF 50 f/1.8D, utazungusha fokasi kwa mkono, na mtoto hatakusubiri. Chukua iliyoandikwa AF-S, yenye mota ndani ya lenzi yenyewe.

Hatua ya 6: Majina machache ya kuanzia

Kwa zilizotumika: Canon 7D ya mwaka 2009, picha 8 kwa sekunde, Canon 70D ya 2013, picha 7, Nikon D7100 ya 2013, picha 6 na nukta 51 za fokasi. Anayetaka nyepesi, Sony a6000 ya 2014 hupiga picha 11 kwa sekunde, ila betri yake huisha upesi, nunua ya pili. Mwenye uwezo zaidi atazame Sony a6400 ya 2019, ambayo hulitafuta jicho la mtoto yenyewe na kulifuata.

Hatua ya 7: Kagua iliyotumika

Uliza shata imepiga mara ngapi. Shata ya 70D imepimwa kwa mara 100,000, ya D7100 kwa 150,000. Kwa Nikon namba hiyo huandikwa ndani ya faili la picha, kwa hiyo piga moja na uisome kwenye kompyuta yenye programu ya taarifa za picha. Kisha weka f/16, piga karatasi nyeupe au anga tupu, utafute madoa ya uchafu ulio kwenye sensa. Mwisho, vua lenzi na umulike tochi ya simu upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache, hata bei ikishushwa.

Hatua ya 8: Itunze kwa hali ya hewa yetu

Baridi ya Juni na Julai hupunguza nguvu ya betri. Ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti. Na ukiteremka na watoto kwenda Matema, usiitoe kamera mara tu mnapofika. Imetoka kwenye baridi ya Tukuyu inaingia joto na unyevu wa Ziwa Nyasa, lenzi itajaa ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi.

Siku ya kwanza ukiwa nayo, weka 1/500, fokasi ya kufuatilia, picha mfululizo, na ISO ijipangie yenyewe. Piga magoti, macho yako yawe sawa na ya mtoto, umwombe akimbie kuja kwako kutoka upande wa pili wa uwanja. Mwombe arudie mara 10. Kwa uzoefu wangu, wewe ndiye utakayechoka kwanza.