Mkono Ukitetemeka Mezani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mechi ya Pool au Snuka

Mchezaji anayezamisha mipira kwa raha zake jioni za kawaida pale Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, anaweza kufika kwenye mashindano, akabakiwa na mpira mweusi peke yake, ule wa kumaliza mchezo, njia iko wazi kabisa, halafu mkono ukaanza kumcheza. Watazamaji watasema hana moyo. Si kweli. Mwili ukihisi kuna jambo kubwa mbele yake humwaga adrenalini kwenye damu. Adrenalini hiyo huharakisha mapigo ya moyo, na pia huikuza ile mitetemo midogo ambayo mkono wa kila mtu mzima wa afya unayo, kama mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Siku za kawaida huioni. Siku ya mechi unaiona kwenye ncha ya fimbo.

Wakubwa wa mchezo nao yamewakuta. Fainali ya dunia ya snuka ya Aprili 1985 kule Sheffield, Uingereza, ilifika michezo 17 kwa 17, ikabaki mpira mweusi wa mwisho wa mchezo wa mwisho, na saa ilikuwa imeshapita usiku wa manane. Steve Davis, ambaye tayari alikuwa bingwa wa dunia mara 3, aliukosa. Mpinzani wake, Dennis Taylor, akauzamisha na kuchukua ubingwa. Kwa hiyo usipange kuwa mtu asiyetetemeka. Panga namna ya kucheza vizuri huku unatetemeka, na upange mapema, maana ukisubiri mpaka siku yenyewe umeshachelewa.

Maandalizi yote yanasimama juu ya jambo moja: mtetemo hauondoki kwa kujikaza. Ukiibana fimbo, misuli ya kukunja vidole na ile ya kuvinyoosha hufanya kazi kwa wakati mmoja, huu unavuta huku, ule unavuta kule, na mtikisiko unazidi. Unachoweza kufanya ni kuunyima nafasi, na hilo linahitaji angalau wiki mbili za mazoezi kabla ya mechi.

Anza na mkono wa mezani, yaani ule unaoipa fimbo njia. Wengi wakiwa na hofu huuweka juujuu, vidole vinagusa kitambaa lakini kiganja kinaelea. Hapo mtetemo wote wa bega unapita mpaka kwenye fimbo. Lalisha sehemu ya chini ya kiganja mezani, tandaza vidole, kisha bonyeza kwa ncha za vidole kana kwamba unakikamata kitambaa bila kukivuta. Uzito kidogo wa mwili uegemee mkono huo. Ukifanya sawasawa, mtu akikugusa kiwiko kwa upole mkono wa mezani hautasogea.

Kisha pima umbali kati ya mkono huo na mpira mweupe, yaani ule unaopigwa kwa fimbo. Kawaida ni kama sentimita 20 hadi 25, na kwenye meza ya snuka ya futi 12 wapo wanaofika 30. Jizoeze kucheza pia kwa sentimita 15. Ukiwa na hofu, kipande kifupi cha fimbo mbele ya mkono ndicho kinachokuokoa. Hesabu yake ni hii: mpira mweupe ukitoka na kosa la digrii 1 tu, baada ya mita 1 umeshapotoka kama milimita 17. Kwa mipira yenye kipenyo cha milimita 51, ule unaolengwa, ambao ulitakiwa kwenda moja kwa moja, utatoka na pembe ya digrii 20 hivi. Shimo la kona halisamehi kosa la namna hiyo. Unapofupisha umbali unapoteza nguvu kidogo na uwezo wa kuurudisha mweupe nyuma, lakini mpira wa kushinda mechi mara nyingi hauhitaji vyote hivyo.

Mkono wa nyuma ushike fimbo kwa wepesi: kidole gumba, cha shahada na cha kati vinabeba, viwili vya mwisho vinafuata tu. Angalia vifundo vya vidole. Vikibadilika rangi, umebana. Sehemu ya mkono huo kati ya kiwiko na kiganja ining'inie wima pale fimbo inapokutana na mpira. Kidevu kiguse fimbo au kiwe karibu sana nayo, na fimbo ipite ikigusa kifua kidogo. Ukihesabu mkono wa mezani, kifua, kidevu na mkono wa nyuma, fimbo ina sehemu nne za kuilinda isiyumbe. Anayecheza amesimama wima ana mbili tu, na ndiyo maana kwenye mechi huyo huharibikiwa mapema kuliko wengine.

Laza chupa tupu ya soda mezani, mdomo ukikuelekea, uingize ncha ya fimbo mara 20 bila kugusa kioo. Hilo ni zoezi la kunyoosha mkono. Zoezi la hofu ni tofauti, na wengi hawalifanyi: ruka ruka papo hapo kwa dakika 1 mpaka moyo uende mbio, kisha inama mezani mara moja uzamishe mpira wa njia iliyonyooka, umbali wa sentimita 60. Piga mara 10. Ukikosa hata wa tisa, rudi mwanzo. Moyo unaokwenda mbio na kuanza upya vinakupa hali inayokaribia ya mechi, na mkono unajifunza kufanya kazi humo humo.

Wiki hizohizo za maandalizi ndizo za kuamua kuhusu pombe na vidonge. Ipo kauli mitaani kwamba kidogo kinatuliza mkono. Ni kweli kwamba pombe hupunguza mtetemo kwa muda kwa baadhi ya watu, hasa wenye ugonjwa wa mikono kutetemeka unaorithiwa katika familia. Mchezaji wa snuka Bill Werbeniuk wa Kanada alikuwa nao, na alijulikana duniani kwa kunywa bia nyingi kabla na wakati wa kucheza ili fimbo itulie. Lakini pombe inapoisha mwilini mtetemo unarudi kwa nguvu zaidi, macho yanakosea umbali, na mashindano ya pool huweza kuanza asubuhi yakaisha usiku. Hakuna kipimo cha pombe kitakachokubeba saa zote hizo. Vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo, kama propranolol, vinazuia kweli mtetemo wa adrenalini, lakini vimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa wakati wa mashindano kwa michezo yote ya jamii ya biliadi, pool na snuka zikiwemo, na kwa mwenye pumu vinaweza kubana njia ya hewa mpaka kuhatarisha maisha. Usipokee kidonge cha mwenzako. Tunasisitiza hili kwa sababu kinatolewa kwa nia njema na mtu anayekupenda.

Uchunguze pia mtetemo wako kabla hujauita hofu. Wa hofu huja na mechi na kuondoka nayo. Ukiwa unatetemeka hata ukiwa nyumbani umeshika kikombe, au mkono unatikisika umeupumzisha pajani, au upande mmoja ni zaidi ya mwingine, au unapungua uzito huku moyo ukidunda bila sababu, nenda hospitali: Maweni kwa aliye Kigoma, Kitete kwa aliye Tabora, au kituo chochote kilicho karibu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na kushuka kwa sukari ni sababu za kawaida, na zote zinatibika. Baadhi ya dawa pia huleta mtetemo, mojawapo ikiwa salbutamol ya wenye pumu. Usiache dawa hiyo. Mwambie daktari tu, na siku ya mechi uwe unajua kinachokutikisa.

Anayesafiri kwa mechi, tuseme anatoka Tabora kwenda Kigoma kwa treni akipita Urambo, Kaliua na Uvinza, afike siku moja kabla. Usiku mmoja wa kukosa usingizi unatosha kuongeza mtetemo. Fimbo yako isafiri kwenye mfuko wake ikiwa imelazwa, si kuegemezwa ukutani au kuachwa kwenye gari juani, maana mbao inapinda. Kama unatumia fimbo za ukumbini, fika mapema, zivingirishe mezani moja moja na uchague isiyorukaruka, kisha angalia ncha ya ngozi: iwe ya duara, imeshikamana, si iliyopigwa mpaka ikawa bapa na kung'aa. Ncha iliyong'aa haishiki chaki, inateleza kwenye mpira, nawe utaulaumu mkono bure.

Kigoma kuna jambo jingine, na linapuuzwa kuliko yote: jasho. Hewa ya ziwani, hasa miezi ya mvua, hulowesha kiganja, fimbo ikakwama kati ya vidole kisha ikaachia ghafla. Kuruka huko kunafanana sana na mtetemo lakini dawa yake ni nyingine kabisa. Beba vitaulo viwili, kimoja cha mikono na kimoja cha fimbo. Kabla ya kuanza, futa fimbo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, kuondoa mafuta na chaki iliyoganda. Poda kidogo sana kati ya kidole gumba na cha shahada inasaidia. Ukiizidisha inachafua kitambaa cha meza na mwamuzi atakuwa na haki ya kukukemea. Glavu ya vidole vitatu ni bora zaidi, ila ivae kwenye mazoezi kwanza. Kumbuka pia kwamba kitambaa cha meza chenye unyevu kinapunguza mwendo wa mipira. Mipira miwili mitatu ya majaribio itakuonyesha nguvu inayohitajika, kwa hiyo usiikose.

Chakula si jambo la kuzungumzia sana. Kula muda wa saa 2 au 3 kabla ya mechi: ugali wa kiasi na migebuka au dagaa, au wali na maharage. Anayecheza na njaa mkono utatikisika hata bila hofu, na aliyeshiba mpaka tumbo linabana atashindwa kuinama. Ndizi mbivu nusu saa kabla, maji kidogo kidogo. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viachwe saa 6 kabla ya mechi, kwa kuwa kafeini hukaa mwilini muda mrefu. Aliyezoea kahawa kila siku asiikate ghafla siku hiyo, kichwa kitamuuma. Anywe kikombe kimoja asubuhi na mapema. Sigara inayovutwa nje wakati mwenzako anacheza inaongeza mapigo ya moyo na mtetemo, ingawa anayeivuta anahisi imemtuliza.

Kuhusu dau la pembeni: kataa mapema, kabla hujashika fimbo. Wapambe wakishaweka pesa juu yako, kila mpira unabeba macho na matumaini yao pia, na hilo ni zito kuliko kombe lenyewe.

Ukiwa kitini unasubiri zamu ndipo hofu inapolimbikizwa, kwa sababu huna la kufanya zaidi ya kutazama mwenzako akizamisha. Jipe kazi. Kunja ngumi kwa nguvu sekunde 5, achia, rudia mara 3, kisha mikono ilale mapajani. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6, kwa dakika 2 hivi. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo, kwa hiyo usiharakishe upande huo. Usikae na fimbo umeibana kati ya magoti. Mikono inachoka kabla hujainuka.

Zamu yako ya kwanza, kama una uchaguzi, chukua mpira rahisi hata kama hauna faida kubwa. Amua ukiwa bado umesimama: mpira gani, nguvu kiasi gani, mweupe uishie wapi. Kubadili mawazo ukiwa umeshainama ni chanzo kikubwa cha makosa kuliko mtetemo wenyewe. Inama, chezesha fimbo mara 3, simama kidogo ncha ikiwa karibu na mpira, ivute nyuma polepole, tulia kidogo tena, kisha piga ukiwa umemaliza kutoa pumzi. Macho ya mwisho yawe kwenye mpira unaoulenga. Fimbo ipite mbele ya mahali palipokuwa na mweupe na ibaki hapo mpaka mipira isimame. Wenye hofu huikata njiani, na mpira unaishia mdomoni mwa shimo.

Kati ya pigo la polepole sana na la nguvu ya wastani, chagua la wastani. Pigo dogo linaacha kila mtikisiko uonekane, lakini fimbo inayopita kwa mwendo mzuri haipati muda wa kuyumba.

Na ukiinama ukahisi mkono umekataa, simama wima. Usipige kwa aibu ya kuonekana unachelewa. Paka chaki, zunguka hatua mbili, toa pumzi ndefu moja, uiname upya kuanzia miguu. Kama mashindano yana kikomo cha muda kwa kila pigo, muulize mwamuzi idadi ya sekunde kabla ya mechi, ujue una nafasi ya kusimama mara ngapi.