Kumtambua na kumhudumia mzee aliyedhoofika katika zahanati

Udhaifu wa uzeeni si umri wenyewe, wala si jina jingine la presha au kisukari. Ni hali ambayo akiba ya nguvu mwilini imepungua kiasi kwamba jambo dogo, kama vile kuharisha siku mbili au kuanzishiwa dawa mpya, humlaza mzee kitandani na kumchukua wiki nyingi kuinuka. Wapo wenye miaka 85 ambao bado wanalima, na wapo wa miaka 62 waliokwisha kudhoofika.

Mpime kabla hajakaa. Chora kwa chaki mistari miwili sakafuni, yenye umbali wa mita 4, umwombe atembee mwendo wake wa kawaida, na mkongojo wake kama anao, huku ukitazama saa; akizidi sekunde 5, mchunguze zaidi. Alama zilizoelezwa na mtafiti wa Marekani Linda Fried na wenzake mwaka 2001 ni tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono usio na nguvu, mwendo wa polepole na shughuli kupungua. Tatu au zaidi zinaonyesha amedhoofika. Moja au mbili, yuko njiani. Pale ambapo uzito wa mwaka jana haukuandikwa, tazama mkanda wa suruali: tundu jipya lililotobolewa kwa msumari hueleza mengi kuliko lile jibu la "sijambo tu, mwanangu".

Baada ya hapo tafuta kinachotibika, yaani upungufu wa damu, kifua kikuu, sononi, meno mabovu, mtoto wa jicho, na VVU pia, ambavyo kwa wazee tunaona haya kuvipima. Pima presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, yuko hatarini kuanguka.

Dawa ndizo zinazostahili muda wako mwingi. Mwambie alete mfuko mzima, pamoja na za duka la dawa na za mitishamba. Glibenklamidi, dawa ya kisukari, inaweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa kwa mzee anayekula mlo mmoja. Diazepamu (ya usingizi na wasiwasi), amitriptilini (ya sononi na maumivu) na piritoni (ya mzio) humlewesha na kumyumbisha. Punguza moja baada ya nyingine, na diazepamu iliyozoeleka usiikate ghafla.

Kuhusu chakula, asiye na ugonjwa wa figo anahitaji protini walau gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60, na yai moja lina takriban gramu 6, hivyo uji mtupu haumfikishi popote. Uongezewe maziwa na karanga, na mlo uwe na dagaa au maharage. Mfundishe pia kuinuka na kukaa kitini mara kadhaa asubuhi na jioni, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani na mtu wa nyumbani akiwa karibu.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akague njia ya kwenda chooni usiku. Wewe andika zile sekunde katika daftari la mzee, pamoja na tarehe, ili atakayempokea mwezi ujao aanzie kwenye mistari ileile ya chaki.