Jinsi ya kutengeneza udi wa vijiti wa Kichina kwa mkono, kwa mtindo wa Yongchun

Ukitaka kutengeneza udi wa vijiti mwenyewe, usianze na harufu. Anza na gundi. Harufu kila mtu ataichanganya kwa pua yake, lakini kijiti kinachozimika katikati au kinachomwaga unga sakafuni kimeponzwa na gundi, na hakuna karafuu wala sandali itakayokiokoa.

Mtindo ninaoufuata ni wa Yongchun, wilaya ya milimani katika jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China. Katika mji mdogo wa Dapu familia nyingi zinaishi kwa kazi hii, na ukoo unaotajwa zaidi ni wa Pu, uzao wa wafanyabiashara Waislamu kutoka Arabuni waliokuwa wakikaa bandari ya Quanzhou. Waliingia Yongchun katika karne ya 17 na ujuzi wao wa manukato. Quanzhou yenyewe ilikuwa mlango wa ubani na ambari kuingia China. Mwaka 1974 ilifukuliwa huko merikebu ya enzi ya Song (karne ya 10 hadi 13) ikiwa bado na zaidi ya kilo 2,000 za miti ya harufu na viungo. Naye Zhao Rugua, msimamizi wa biashara ya bahari wa bandari hiyo, aliandika mwaka 1225 habari za nchi aliyoiita Cengba, yaani pwani yetu hii ya Zanj, akitaja pembe za ndovu, dhahabu, ambari na sandali ya manjano.

Hatua ya 1: Pata gundi, uijaribu

Kusini mwa China hutumika unga wa gome la miti ya jamii ya Machilus na Litsea, ndugu wa mdalasini na mparachichi. Kaskazini, kama huko Baoding katika jimbo la Hebei, gome lililozoeleka ni la mti wa Ulmus. Kazi yake ni moja: likiloweshwa hutoa ute kama wa bamia, na likikauka hubaki nyuzinyuzi zinazoshika unga huku zikipitisha hewa. Tena linaungua lenyewe, polepole, bila harufu ya kushindana na sandali. Hapo ndipo gamu arabika, utomvu wa mgunga, inaposhindwa, ingawa kwetu inapatikana kirahisi. Inashika vizuri mno, inaganda na kuziba hewa, na moto unakufa.

Kwa aliye Afrika Mashariki, rahisi kuagiza ni unga wa Litsea wa India, ambao watengenezaji wa agarbati, udi wa vijiti wa Kihindi, wanauita jigat. Ukiupata, chukua kijiko kimoja, tia maji kidogo kidogo, kanda, acha upumzike robo saa, kisha uviringe uzi mwembamba. Upinde kwenye kidole. Ukikatika ovyo, unga ni wa zamani au umechanganywa na vumbi la mbao. Ukipinda bila kupasuka, uanike, uuwashe. Lazima uungue hadi mwisho bila kupulizwa. Gundi iliyofeli jaribio hili irudishe kwa muuzaji.

Hatua ya 2: Unga wa harufu

Kwa gramu 100 natumia sandali gramu 60, udi wa vipande uliosagwa 15, mdalasini 10, ubani 10 na karafuu 5. Usiongeze ubani. Ni utomvu, unayeyuka kabla ya kuungua, na ukizidi unazima moto. Karafuu nayo ikizidi gramu hizo tano itafunika kila kitu. Wachina wameizoea tangu kale: katika enzi ya Han, kama miaka elfu mbili iliyopita, watumishi wa ikulu walitafuna karafuu kabla ya kusema na mfalme ili pumzi isinuke, na wakati huo ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, karne nyingi kabla ya Unguja na Pemba kuotesha mkarafuu hata mmoja.

Ubani na karafuu hunata kwenye kinu. Vigandishe kwanza kwenye friza, kisha uvitwange pamoja na kiasi cha unga wa sandali. Chekecha kila kitu kwa kitambaa cha melimeli. Chenga zikibaki, moto utarukaruka. Funga barakoa, maana vumbi hili ni jepesi na halifai kuingia mapafuni, na usichekeche karibu na jiko.

Neno kuhusu sandali: msandali wa porini wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, umo tangu 2013 katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Ukiletewa gunia la bei ya kutupa bila karatasi, kataa. Miti ya udi wa Aquilaria nayo inalindwa na CITES, kwa hiyo muulize muuzaji kama ni wa shamba.

Hatua ya 3: Vijiti

Mianzi iliyochongwa, unene wa milimita moja na nusu, urefu wa sentimita 30. Vijiti vya mishikaki ni vinene mno: utanusa mianzi inayoungua kuliko udi. Weka alama sentimita 8 kutoka chini. Hapo ndipo pa kushikia, na unga haupiti.

Hatua ya 4: Kuchovya

Hapa ndipo kazi ilipo. Fundi wa Dapu hushika fungu kubwa la vijiti kwa mkono mmoja. Wewe anza na thelathini.

Andaa ndoo ndefu ya maji na sinia tatu. Ya kwanza ina gundi tupu. Ya pili ina gundi na unga wa mbao usio na harufu kali, nusu kwa nusu. Ya tatu ina gundi kipimo kimoja kwa vipimo viwili vya unga wa harufu.

Zamisha fungu kwenye maji hadi kwenye alama, litoe, likung'ute kwa nguvu kuelekea chini mara mbili. Lizike papo hapo kwenye sinia ya kwanza, ulisukume na kulisugua ili unga ufike hadi vijiti vya katikati. Sasa shika miguu ya vijiti, zungusha kifundo cha mkono, fungu lifunguke duara. Vijiti vilivyogandana vitaonekana. Vitenganishe sasa hivi, maana tabaka la pili likiingia havitengani tena. Funga fungu, geuza, gonga miguu mezani ili unga uliozidi udondoke.

Sikiliza wakati wa kugonga. Fungu lenye maji ya kadiri linalia kwa mchakacho mkavu. Lililolowa mno linatoa kishindo kizito, na ukiendelea unga utateleza na kurundikana karibu na alama. Likiwa hivyo, acha lipumzike dakika chache kabla ya kurudi majini.

Rudia: maji, sinia ya pili, fungua, gonga. Kisha maji na sinia ya tatu, mara mbili au tatu, mpaka kijiti kifikie milimita tatu. Kuanzia tabaka la pili maji yawe ya kupita tu. Ukikawia utaosha ulichokwisha kuweka.

Hatua ya 5: Kuanika na kuvumbika

Picha za Yongchun zinazosambaa mitandaoni, zile za uwanja uliojaa maua mekundu, ni vijiti vilivyotandazwa duara kuanikwa juani, miguu imetiwa rangi nyekundu. Tabaka ni jembamba, kwa hiyo jua linafaa. Pwani kwetu anika asubuhi na uingize ndani kabla ya unyevu wa jioni. Rangi si lazima.

Vikikauka, vifunge kwenye karatasi, viweke kwenye sanduku la mbao mwezi mmoja angalau. Udi mbichi una ukali wa karafuu na moshi wa gome. Ukivumbikwa harufu zinashikana.

Usipotaka kijiti cha mianzi

Fanya kama watu wa kaskazini mwa China. Kanda unga wa harufu na gundi asilimia 30 kwa maji ya uvuguvugu, acha saa moja, usukume kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ulaze nyuzi juu ya ubao. Hizi zianike kivulini tu, siku tatu hadi tano, na ubao mwepesi juu yake, la sivyo zitajikunja. Uzi huohuo ukiuzungusha ungali mbichi unapata udi wa mzunguko, ndugu mdogo wa ile mizunguko mikubwa inayoning'inia kwenye dari la hekalu la Man Mo, Hong Kong. Ni rahisi kuliko kuchovya, lakini nyuzi huvunjika safarini, na wateja wangu wanapenda kijiti.

Ukiwasha na mambo hayaendi

Kinazimika: hakijakauka, au ubani umezidi. Unga unabanduka vipande: tabaka la gundi tupu lilikuwa hafifu. Kinaungua mbio na moshi unachoma macho: gundi imezidi, punguza gundi ya sinia ya tatu hadi kipimo kimoja kwa vitatu. Jaribu kijiti kimoja cha kila fungu kwenye chumba chenye dirisha wazi, kabla ya kuuza hata pakiti moja.