Somo: Jaribu kama rangi zako zinakwenda pamoja kabla hujachovya kazi ya mteja

Julai moja, hapa Arusha, nilipewa vitambaa 12 vya kwaya nivichovye vyote kijani. Nilichanganya njano na feruzi kwenye beseni moja, nikachovya kimoja baada ya kingine. Vilipokauka kwenye kamba, vya mwanzo vilikuwa kijani cha majani machanga ya mgomba, vya mwisho vimekwenda ubuluu. Nilirudisha fedha za watu, na bado inaniuma.

Wengi tunadhani kosa ni kipimo. Kipimo changu kilikuwa sahihi. Tatizo ni mwendo. Njano ile inakimbilia uzi, lakini feruzi ina molekuli kubwa, inaingia polepole, na baridi ya Julai inazidi kuichelewesha. Vitambaa vya kwanza vilinyonya njano, beseni likabaki limejaa feruzi. Rangi zinazokwenda pamoja huingia kwenye uzi kwa mwendo mmoja: kitambaa kinakolea zaidi kadiri muda unavyopita, ila kijani kinabaki kijani kilekile.

Somo hili ni la rangi za maji baridi, zile za chumvi na magadi soda, juu ya pamba.

Kwanza chemsha marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) kwa sabuni mpaka wanga wote utoke, la sivyo utapima wanga badala ya rangi. Kata vipande sita vya gramu 5 kila kimoja. Vipe namba kwa kushona: mshono mmoja, miwili, hadi sita, kwa uzi wa poliesta, maana huo haushiki rangi hizi. Kalamu itafutika.

Koroga gramu 5 za kila rangi kwenye maji hadi ifike mililita 500, kila moja chupa yake. Vaa barakoa unapopima. Unga huu ukiingia kifuani unaweza kuleta pumu. Vyombo visirudi jikoni tena. Maji haya ya rangi yatumie ndani ya siku chache, yakikaa yanapungua nguvu.

Sasa chukua bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa. Vuta mara tatu njano, mara tatu feruzi (au buluu unayoitaka kuijaribu). Hizo ni gramu 0.3 za kila rangi kwa gramu 30 za kitambaa, yaani asilimia moja. Ongeza maji hadi mililita 600, yeyusha chumvi gramu 30, kisha ingiza vipande vyote sita vikiwa vimelowa. Koroga bila kuchoka.

Dakika ya 10 toa kipande cha kwanza. Dakika ya 20 toa cha pili, kisha weka magadi soda gramu 6 uliyoiyeyusha pembeni. Cha tatu kitoke dakika 5 baada ya magadi, cha nne baada ya 15, cha tano baada ya 30, cha sita baada ya saa nzima. Kila kinachotoka kikamue kwa nguvu ileile, usikisuuze, kianike kivulini.

Vikikauka vipange kwa namba karibu na dirisha, mchana, si chini ya taa. Hapa ndipo jicho linahitaji utulivu. Cha kwanza kuwa chepesi na cha sita kuwa kizito si kosa, huko ni kukolea tu. Uliza jambo moja: je, rangi imehama? Kama cha kwanza ni njano na cha sita ni kijani cha ubuluu, hizo mbili hazikwenda pamoja. Kisha kata kila kipande nusu, nusu moja ioshe kwa maji ya moto na sabuni. Vya kwanza viwili vitapauka sana kwa kuwa havikuonja magadi. Angalia vya baadaye: rangi moja ikitoka na nyingine ikabaki, hazikushika sawa.

Kama kazi yako ni ya kuchovya kimoja baada ya kingine kama nilivyofanya mimi, jaribu hivyohivyo: vipande vipya, kwa zamu, muda uleule, beseni lilelile. Na ukichanganya rangi tatu kupata kahawia au kijivu, usiruke jaribio hata siku moja. Kijivu kinaonyesha kila kosa.

MASWALI YA WANACHAMA

Moshi, Majengo: Shikamoo mama. Nyeusi yangu ni unga mmoja, sichanganyi na kitu. Mbona kingo zinatoa uzambarau?

Marahaba mwanangu. Nyeusi nyingi zimechanganywa kiwandani. Nyunyizia chembe chache juu ya tishu nyeupe iliyolowa. Ukiona vidoa vya rangi tofauti, una mchanganyiko, basi uujaribu kama mchanganyiko. Na koroga kopo kabla ya kuchota.

Sakina, Arusha: Dada, magadi ya kupikia maharage yanafaa? Ni rahisi kupata.

Kwa jaribio hapana, mdogo wangu. Yale yana sehemu nyingine ya bikaboneti, pamoja na chumvi na udongo, na kila bonge lina nguvu yake. Nunua magadi soda ya unga mweupe kwa wauza rangi.

Ngarenaro: Sisi tunatumia rangi zinazoyeyushwa kwa dawa mbili, kostiki na haidrosi. Jaribio ni hili hili?

Wazo ni lile lile, ila usihukumu kipande kikiwa kibichi; rangi hizo hujitokeza zikipata hewa, kwa hiyo subiri zigeuke zote. Tena baadhi zinataka joto na kostiki nyingi, nyingine kidogo, ndiyo maana zinagombana beseni moja. Na usizichanganye kamwe na za maji baridi.

Moshi tena: Basi feruzi tuiache kabisa?

Usiiache, hakuna kijani kinachong'aa kama chake. Mimi siku hizi naichovya peke yake kwanza, kila kitambaa na beseni lake, maji ya vuguvugu, kwa muda wa saa mbili. Njano inafuata kwenye beseni la pili.