Kusawazisha mashine ya kompyuta ya kukata papi za fimbo ya kuvulia

Fimbo ya pembe sita ni papi sita za mwanzi, kila upapi ukiwa na pembe tatu za nyuzi 60. Kimo cha upapi ni nusu ya unene wa fimbo, ubapa kwa ubapa: fimbo ya milimita 8 hutaka upapi wa milimita 4.

Iamuru meza ya mashine isogee milimita 100, upime kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu na unene. Ikienda 99.6, gawa 100 kwa 99.6, kisha zidisha na idadi ya hatua za mota kwa kila milimita iliyomo kwenye programu. Pima ukielekea upande mmoja tu. Skrubu yenye mchezo, yaani iliyolegea kidogo, hudanganya ikigeuza mwendo.

Sasa kata papi sita fupi, ganda la nje la mwanzi likilala juu ya meza. Ganda lisiguswe kabisa, sehemu kubwa ya nguvu ya fimbo iko kwenye nyuzinyuzi zilizo chini yake tu. Zifunge pamoja kwa uzi, kata mwisho wa fungu wima, uangalie kwa lenzi. Mwanya kati ya papi ukiwa nje, pembe ya ndani ni chini ya nyuzi 60. Tundu likiwa katikati, pembe imezidi au ncha za ndani za papi zimenyofoka kwa kisu butu. Rekebisha pembe kwanza, kimo baadaye, maana pembe ikibadilika kimo nacho hubadilika.

Hapa Malindi mwanzi hunywa unyevu ukavimba, masika hasa. Jaribu kwa papi zilizotoka kukaushwa, zilizofungiwa ndani ya bomba la plastiki, la sivyo utasawazisha mashine kwa kipimo cha uongo. Reli zipakwe mafuta mepesi kila jioni; chumvi ya bahari haikawii kutia kutu.