Dakika 25 mezani, 5 nje: ninavyosoma jioni baada ya kazi

Nasomea mitihani ya uhasibu huku nimeajiriwa, kwa hiyo muda wangu ni ule unaobaki: saa moja na nusu jioni hadi saa nne, chumbani kwangu Ng'ong'ona, Dodoma. Wanaojisifu kupiga msuli hadi alfajiri siwabishii, ila asubuhi nina ofisi.

Utaratibu wenyewe alianzisha Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi wa chuo, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Unasoma dakika 25, unapumzika 5. Ukimaliza mizunguko minne, unapumzika dakika 15 hadi 30.

Kwanza tafuta saa isiyo na intaneti. Mimi natumia kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Simu janja naizima data na kuifungia kwenye kabati la vyombo. Kisha andika kazi moja inayoshikika. "Kusoma gharama" hapana. Andika "swali la pili, kugawa gharama za jumla kwa idara", ili kengele ikilia ujue umefika wapi.

Karatasi nyingine iwe pembeni. Ukiwa katikati ya hesabu utakumbuka LUKU ya umeme inakaribia kuisha, unga umebaki kidogo, mama hujampigia. Andika neno moja tu, "LUKU", rudi kwenye swali. Hayo utayashughulikia mapumziko marefu.

Jirani akibisha hodi, "Dada, una kiberiti?", mpe, hilo halichukui muda. Akitaka maongezi, mwambie, "Nipe dakika kumi nakuja." Ikishindikana, mzunguko huo hesabu umekufa, anza upya kutoka sifuri. Cirillo mwenyewe aliweka sharti hilo, na ndilo linalokufundisha kulinda muda wako.

Mapumziko ndiyo wengi wanayaharibu. Dakika tano za WhatsApp hazijawahi kuwa tano. Inuka kitini: anua nguo kabla vumbi halijazirudia, osha kikombe, nyoosha mgongo. Mwezi wa saba upepo wa Dodoma una baridi kali, toka mlangoni kidogo tu, usingizi unakwisha wenyewe. Kitandani usiguse.

Sasa, 25 si amri. Kwa kusoma nadharia zinatosha kabisa. Kwa maswali ya kukokotoa mimi natumia 36, na sababu ni hesabu nyepesi: mtihani wa saa tatu wenye maksi 100 unakupa dakika 1.8 kwa kila maksi, hivyo swali la maksi 20 ni dakika 36. Ukizoea kulimaliza ndani ya muda huo nyumbani, chumba cha mtihani hakitakushtua. Baada ya hapo pumzika dakika 8 au 10, kichwa kimechoka zaidi.

Mzunguko wa mwisho usifungue kitu kipya. Funika madesa (notisi zako), andika unachokumbuka, halafu fungua ulinganishe. Umeme ukikatika, hii inafanyika hata kwa tochi ya kitochi.

Mkisoma kikundi kwenye vimbweta, yale meza na mabenchi ya nje ya kusomea, mtu mmoja ndiye ashike saa, na asiwe mpiga stori wenu.